Godoro la Tano

Kila asubuhi, kabla hajabandika birika la maji, Bi Tokie Murasugi huchukua kopo la majani ya chai, hulisogeza karibu na sikio la kulia na kulitikisa mara mbili. Halifungui. Husikiliza, hulirudisha mahali pake na kusema, "Siku nne," au "Siku tisa," na siku hiyo ikifika kopo huwa tupu kweli. Hufanya hivyo pia kwa kiberiti, kwa kijaluba cha dawa za presha, na kwa pakiti za biskuti za mchele anazoletewa na wageni. Niliwahi kumwona dukani akitikisa boksi la sabuni ya unga. Alikunja uso, akalirudisha kwenye rafu na kuchukua jingine.

Ni kazi iliyomwachia tabia hiyo. Kwa miaka arobaini na mitano alifungasha modeli za plastiki katika kiwanda kimoja hapa Shizuoka: ndege, meli, magari, vifaru vya vita, vyote vikiwa vipande vipande ndani ya boksi ili mnunuzi akaviunganishe mwenyewe nyumbani. Kabla boksi halijafungwa, mfungashaji alilitikisa. Lililokamilika lilikuwa na sauti yake. Lililopungukiwa hata kifuko kimoja cha magurudumu lilipwaya. Bi Tokie anasema mwaka wake wa mwisho kazini aliweza kutambua kwa sikio kwamba karatasi ya maelekezo imesahauliwa. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba katika miaka hiyo yote hakuunganisha modeli hata moja.

Tunaishi jengo moja, lile la manispaa lenye ngazi za nje, mimi ghorofa ya pili na yeye ya tatu, juu yangu kabisa. Kwa miaka miwili tuliishia kusalimiana penye mapipa ya taka. Tulizungumza kwa mara ya kwanza maktabani, ninakofanya kazi. Ilikuwa Oktoba, alikuja akasimama mbele ya meza yangu akiwa ameshika kofia mkononi, kana kwamba ameingia ofisi ya serikali.

"Binti, nataka kitabu cha kutengeneza dayorama. Zile nyumba ndogo, na vyumba vidogo vyenye vitu vyake ndani."

"Cha wanaoanza?"

"Cha asiyejua kitu kabisa. Kama kipo cha watoto, nipe hicho."

Nikampa viwili. Wiki moja baadaye aligonga mlango wangu jioni, kapu la machungwa mkononi na kitabu kimoja kwapani.

"Wewe ndiye Chigusa wa maktaba, siyo? Kumbe unakaa chini yangu kabisa. Kitabu kinasema kila kitu nikigawanye kwa ishirini na nne. Mimi shule niliishia darasa la tisa. Wewe umesoma chuo kikuu."

"Nilisoma fasihi, Bi Tokie."

"Fasihi hawagawanyi?"

Nikachukua kikokotoo, nikapanda naye.

Alitaka kutengeneza chumba kimoja tu: chumba cha mikeka sita, yaani sakafu ya kuenea mikeka sita minene ukuta hadi ukuta, cha nyumba ya kwao, kijijini karibu na Nagahama, kando ya Ziwa Biwa, kama kilivyokuwa mwezi Machi mwaka 1963. Nyumba yenyewe ilibomolewa zamani na barabara imepita juu yake. Picha ya ndani hakuna. Alinieleza huku akimenya chungwa, bila kuinua macho.

Majira ya baridi ya mwaka ule kaka yao mkubwa alioa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kile kidogo, cha mikeka minne na nusu, wakapewa maharusi. Waliobaki walikuwa watano: bibi yao, baba, mama, Tokie mwenye miaka kumi na mitano, na mdogo wake Sadae mwenye miaka kumi na mmoja. Wote hao sasa walilazimika kulala kwenye mikeka sita, pamoja na kabati la nguo na cherehani ya mama. Jioni ya kwanza mama alitandika magodoro manne sakafuni, akasimama na la tano mikononi, akatazama chini kwa muda. Kisha akalirudisha stoo.

"Godoro la tano haliingii," alisema. "Tokie ataenda Shizuoka."

Alilisema kama mtu anayesema mvua inanyesha. Mwalimu alikuwa ameshaleta fomu za viwanda. Tokie alilala godoro moja na Sadae kwa wiki tatu, kisha akapanda treni iliyojaa watoto wenzake waliomaliza darasa la tisa, kila mmoja na furushi lake, na hakuishi tena nyumbani. Likizo za mwaka mpya alilala kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwao, kwa sababu ilijulikana kwamba kwao hapana nafasi. Kaka na mkewe walipohamia Osaka chumba kilibaki wazi, lakini miaka saba ilikuwa imepita na Tokie alikuwa na kazi, chumba cha kupanga na mchumba. Mama alifariki baadaye akiwa na miaka themanini na tisa. Baba alimtangulia. Bi Tokie hakuwahi kumuuliza yeyote kati yao kama kweli nafasi haikuwepo.

"Utamuulizaje mama jambo kama hilo?" aliniambia. "Unaanza na neno gani?"

"Na sasa?"

"Sasa nataka kuona. Sitaki kuambiwa na mtu. Nitandike manne, nishike la tano, nione kama liliingia au halikuingia."

Hapo ndipo nilipopata swali langu. Lilikuwa dogo, la maneno machache, lakini mimi ni mtu wa kukaa na swali mpaka lipoe. Nikalimeza pamoja na chungwa.

Tulianza na mkeka, maana huku kwetu chumba hakisemwi kwa mita. Ukisema mikeka sita umemaliza, kila mtu ameshakiona. Bi Tokie alisogeza meza, akapiga magoti na futi, akapima mkeka wa sebuleni kwake: sentimita mia moja na sabini kwa themanini na tano. Nikagawanya. Saba na kidogo, kwa tatu na nusu. Alikata kipande cha karatasi cha ukubwa huo, akakiweka kiganjani.

"Kumbe simu yako ni kubwa kuliko mkeka wangu."

Vitu vya ndani vilitusumbua zaidi. Kwa bahati Sadae, ambaye hakuwahi kutoka Nagahama, bado analo kabati lile la nguo. Bi Tokie alimpigia na kuweka simu mezani tusikie wote.

"Mita moja kamili kwa upana," ilisema sauti, ikihema. "Sentimita arobaini na tano kwenda nyuma. Dada, mgongo unaniuma kwa ajili ya nyumba yako ya mwanasesere."

"Pima na kwenda juu."

"Una miaka sabini na minne, bado unacheza."

"Sasa ndiyo naanza. Wakati wa kucheza nilikuwa natikisa maboksi."

Sadae akasoma urefu wa kwenda juu.

Magodoro mama alikuwa ameyashona mwenyewe, yote kwa kipimo kimoja. Foronya ya godoro mojawapo Sadae ameifanya pazia la bafuni. Akaipima: mia na themanini kwa themanini na tano. Cherehani iliuzwa zamani, lakini Bi Tokie alilikumbuka jina lililoandikwa ubavuni kwa herufi za dhahabu, na mimi nikatafuta maktabani mpaka nikapata tangazo lake katika gazeti la akina mama la miaka ile, vipimo vya meza vikiwa chini ya picha. Sentimita tisini. Sijawahi kufurahia kazi yangu kama siku hiyo.

Jumamosi alikwenda kwenye chama cha wapenzi wa modeli kinachokutana katika ukumbi wa mtaa. Mwenyekiti wao, Bwana Wakui, ni fundi mstaafu wa taa za reli, na maisha yake yote ya kustaafu yamekwenda kwenye vifaru vya vita. Alimpokea Bi Tokie kwa heshima iliyonishangaza. Aligundua kwamba kwa miaka mingi ni huyu mama aliyemfungashia maboksi.

"Hata siku moja sikukosa kipande," alimwambia. "Hata kimoja, Mama Murasugi."

"Ungekikosa ningefukuzwa kazi."

Yeye ndiye aliyemfundisha kushika kisu cha karatasi kama kalamu, kukata mara tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu, na kupaka gundi kwa ncha ya kijiti cha meno. Aliposikia mpango wa chumba alikuna kidevu.

"Dayorama inataka tukio. Watu wako wapi?"

"Watu sitengenezi."

"Bila mtu, nani atajua ukubwa wa chumba?"

"Magodoro yatasema."

Alimfungulia droo yake ya vipande vilivyobaki. Gurudumu la cherehani, lile la pembeni, likatoka kwenye kifaru kilichokosa bahati. Mengine Bi Tokie aliyatafuta kivyake. Kabati alilijenga kwa vijiti vya kiberiti vilivyopasuliwa. Ukuta aliupaka karatasi aliyoiloweka kwenye chai mara nne, akaianika kwenye kamba ya nguo pamoja na soksi, mpaka ikapata rangi ya nyumba iliyopikiwa kuni miaka mingi. Mikeka aliikata kutoka kwenye visahani vya ukindu vya kuwekea vikombe. Magodoro aliyashona kwa leso ya marehemu mumewe, akayajaza pamba ya kopo la vidonge. Vidole vyake, ambavyo kwa miaka arobaini na mitano vilishika vipande vya plastiki bila kuviunganisha, vilijua kazi hii kabla yake. Nilikuwa nakaa kando na kikokotoo, nikinywa chai na kutazama. Mara nyingine saa nzima ilipita bila neno, na mimi nilipenda hivyo.

Katikati ya Januari chumba kilikuwa tayari kujaribiwa. Kuta tatu, upande wa nne wazi. Sentimita kumi na nne na kidogo kwa kumi na nusu. Aliweka kabati kwenye pembe moja ya ukuta wa miguuni, cherehani kwenye pembe ya pili. Kisha kwa kibano akatandika magodoro manne, moja baada ya jingine, ubavu kwa ubavu. Yalijaa kutoka ukuta hadi ukuta, yakigusa pande zote mbili.

Akachukua la tano. Miguuni mwa manne yale palibaki sentimita tatu. Godoro lilihitaji tatu na nusu. Akalijaribu kwa kulilaza kati ya kabati na cherehani, likapanda juu ya pedali. Akaligeuza. Akaliegemeza. Akaondoa kabati, akalirudisha.

"Haliingii," alisema.

"Haliingii," nikasema.

Nilitegemea atahuzunika. Badala yake alisimama, akaweka maji jikoni, akawa anaimba kwa pua wimbo wa mazoezi ya viungo ya redioni. Tulikula mchemsho wa oden alioupika tangu asubuhi, wenye mchuzi mweusi, akanirundikia mayai mawili. Kesho yake aliniambia kwenye ngazi kwamba alilala mpaka saa mbili asubuhi, jambo ambalo halijamtokea tangu astaafu.

Siku ya tatu alimpigia Sadae kumpa habari. Nilikuwepo.

"Manne yaligusa ukuta pande zote mbili?" Sadae aliuliza.

"Kabisa."

"Sinia la bibi umeliweka wapi?"

Bibi yao alikuwa na sinia lenye birika dogo na kikombe cha dawa, ambalo lilikaa sakafuni usiku kucha kati ya godoro lake na ukuta.

"Lilikuwa juu ya kabati," alisema Bi Tokie.

"Dada, nililimwaga kwa mguu. Kila nikiamka. Mguu wangu ulifika juu ya kabati?"

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto niliyelala humo. Wewe ulikuwa umeshaondoka."

Bi Tokie aliitazama simu kana kwamba imemmwagikia. Akaaga kwa adabu, akakata. Baadaye, akiwa amenipa mgongo anaosha vikombe, alisema Sadae amekuwa akichanganya mambo tangu utotoni. Lakini nilimwona akichukua kipande cha karatasi nene, akikata sinia la duara dogo kama kifungo cha shati, na kulizungusha pembeni mwa ukuta akitafuta pa kuliweka. Hapakuwepo. Akaliacha juu ya kabati. Kwa wiki sita chumba kilikaa juu ya jokofu, kimefunikwa kitambaa, na mimi sikuuliza.

Mwanzoni mwa Machi Bwana Wakui alimtumia ujumbe: chama kitapanga kazi za wanachama mezani, alete ya kwake hata kama haijakamilika. Jumamosi hiyo nilimsindikiza. Alikibeba chumba ndani ya boksi la keki lililo wazi juu, akishuka ngazi kwa kugusa kila moja kwa kisigino kwanza. Chini uwanjani fundi mikeka alikuwa kazini. Mpangaji wa ghorofa ya kwanza alikuwa amehama, na mikeka yake ilikuwa imetolewa yote, imeegemezwa ukutani, minene kama magodoro, huku fundi akishona kitambaa kipya cha ukingoni. Alikuwa mzee wa mikono mipana aitwaye Kuwabara, na gari lake lilinukia nyasi mbichi.

Bi Tokie alisimama kumwomba mabaki ya uzi.

"Chukua, bibi. Unashonea nini?" Akachungulia ndani ya boksi. Akaweka sindano chini, akafuta mikono kwenye suruali, akainama zaidi. "Loo. Hii kazi nzuri. Hii ni fleti ipi, ya kwako?"

"Si fleti. Ni nyumba ya kwetu. Nagahama."

"Nagahama ya Ziwa Biwa? Nyumba ya zamani?"

"Aliijenga babu yangu."

Fundi alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyekutana na kosa analolijua. "Basi umemhamisha babu yako kwenye nyumba za manispaa. Huu mkeka ni wa hapa, bibi. Mita moja na sabini. Kwenu mkeka ni mita moja na tisini na moja."

"Mkeka ni mkeka," alisema Bi Tokie.

"Sita ni sita kwa kuhesabu tu. Kyoto na pande za ziwa walikata mkeka kwanza, nyumba ikaufuata. Huku walijenga nyumba kwanza, mkeka ukafuata. Na hizi ghorofa nazo, walitaka watu wengi waingie haraka, wakapunguza tena, ila kwenye karatasi wakaandika sita vilevile." Alipiga mkeka mmoja kofi. "Kila anayehamia huku kutoka kwenu, zulia lake linapanda ukutani. Ananipigia mimi, eti mikeka imesinyaa."

Bi Tokie hakucheka. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Bweni la kiwanda," alisema polepole, si kwa fundi wala kwangu. "Tulikuwa wasichana sita, mikeka sita. Usiku wa kwanza nilinyoosha miguu, visigino vikagonga ukuta. Nilidhani nimerefuka njiani."

Fundi alimkatia kipande cha kitambaa cha ukingoni, cha kijani kibichi, akamkunjia vizuri kama zawadi.

Ukumbini alikiweka chumba mezani kati ya uwanja wa ndege na daraja lililolipuliwa. Alimweleza Bwana Wakui kila kitu. Yeye aliweka miwani kichwani, akafikiri.

"Kiache hivyo," alisema hatimaye. "Hakuna atakayejua. Hiki kifaru changu kina matope ya Ulaya na nyasi za nyuma ya nyumba yangu. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Mimi nitajua."

"Unachotaka kujua kinapendeza?"

Nilimtazama Bi Tokie akikitazama chumba, na nadhani hapo ndipo ilipokuwa njia panda yake. Angeweza kukirudisha juu ya jokofu. Kilikuwa kizuri, watu walikisifu, na kilimwambia kwamba mama yake alisema kweli. Hakuna aliyemdai kingine. Aliporudi nyumbani alivaa miwani, akachukua kisu cha karatasi, akakata kuta mara tatu kwa wepesi kama alivyofundishwa, akatoa kabati, cherehani na magodoro, na kuvipanga kwenye kifuniko cha boksi. Mikeka midogo akaitupa.

"Gawanya," aliniambia.

Mia moja tisini na moja kwa ishirini na nne ni nane, kasoro kidogo sana. Chumba kipya kilitoka sentimita kumi na sita kwa kumi na mbili. Ukitazama haraka huoni tofauti.

Jumapili moja ya mvua, mwisho wa mwezi huo huo wa Machi, tulikijaribu. Mikeka ilikuwa na ukingo wa kijani wa fundi Kuwabara. Safari hii Bi Tokie hakungoja. Kila kitu alichokiweka alikitia gundi papo hapo, kama mtu anayeogopa kubadili mawazo. Kabati. Cherehani. Godoro la bibi, la baba, la mama, la Sadae. Kati ya la bibi na ukuta pakabaki mwanya. Akachukua sinia lile la duara, akaliteremsha kwa kibano. Likakaa, na pande zote likapata nafasi ya kutosha mguu wa mtoto kulifikia.

Alikohoa. Akachukua la tano.

Alilishusha miguuni mwa wengine, kwa kukingama, kati ya kabati na cherehani. Liligusa sakafu bila kupanda juu ya kitu. Kati yake na cherehani ilibaki nusu sentimita. Nilikokotoa bila kuombwa.

"Sentimita kumi na mbili za kweli," nikasema.

"Kumi na mbili."

Alinyoosha kidole gumba na cha shahada hewani, akapima kumi na mbili kwa macho, akaziangalia. Mvua ilikuwa inagonga bati la ngazi. Baada ya hapo akampigia mdogo wake.

"Sinia lilikuwa pale uliposema," alianza. "Samahani."

"Na godoro?"

"Limeingia."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa kijiko kwenye kikombe, kisha ukakoma.

"Kwa hiyo mimi nililala kwenye nafasi yako," alisema Sadae. "Miaka yote hii, hilo ndilo ulilotaka kuniambia?"

"Wewe ulilala kwenye nafasi yako. Yangu ilikuwa miguuni."

"Miguuni wapi?"

"Kati ya kabati na cherehani."

Sadae alikuwa anakichora chumba kichwani, ilisikika hata katika pumzi zake. "Hapo? Dada, hapo ndipo njia ya kwenda chooni. Mtu angepitaje?"

"Angenikanyaga."

"Bibi alikuwa anaamka mara nne."

"Angenikanyaga mara nne."

"Na kurudi."

"Mara nane."

Walicheka wote wawili, kicheko cha kufanana kabisa, kinachoanzia puani, mpaka Bi Tokie akatafuta kitambaa cha kufutia macho. Wakatulia.

"Mama alipima kwa macho," alisema Sadae. "Hakuwa na futi. Na chumba kilikuwa kimejaa watu wamesimama."

"Najua."

"Baada yako hakuweka kitu hapo. Nilikuwa naweka mkoba wa shule, anauondoa."

"Ilikuwa njia ya choo," alisema Bi Tokie.

"Ndiyo. Ilikuwa njia ya choo."

Walizungumza kidogo kuhusu magoti ya Sadae na hali ya hewa ya ziwani, wakaagana. Bi Tokie aliweka simu chini. Kisha alichukua kifuniko cha plastiki angavu alichopewa na Bwana Wakui, akafunika chumba, akakiinua kwa mikono miwili. Nilijua atakachofanya kabla hajakifanya. Alikisogeza karibu na sikio la kulia, akatikisa mara mbili.

Hata mimi nilisikia. Kulikuwa na mchakacho mdogo, kama wa punje moja ya mchele.

"Kuna kitu hakijabandikwa," alisema.

Lilikuwa godoro la tano. Lilikuwa limeteleza, likaegemea cherehani. Mimi nilikuwa na chupa ya gundi mbele yangu, na swali langu la Oktoba lilikuwa bado pale nilipoliacha. Nikamuuliza, tangu mwanzo, tangu siku ile ya machungwa, yeye alikuwa anataka jibu lipi.

Bi Tokie alifungua kifuniko, akalirudisha godoro mahali pake kwa kibano.

"Nilitaka lisiingie," alisema. "Limeingia. Nipe gundi."